Picha ya Kata ya Mwisho

Kilichotangulia ni harufu. Eila Rautsalo alibonyeza kitufe cha kompyuta ya marehemu mumewe Jumapili moja ya Novemba, baada ya kahawa, na kabla hata feni haijaanza kuvuma vizuri, chumba kizima kikanuka majani mabichi yaliyolowekwa kwenye maji moto, na moshi wa kuni, na sabuni nyeusi ya lami. Harufu ya sauna. Na sauna yenyewe, kibanda chao cha kuogea kwa mvuke, iko kule chini kando ya ziwa, imefungwa tangu jana yake, mawe yameshapoa.

Akanusa nywele zake. Hazinuki. Akanusa taulo iliyoanikwa mlangoni, nayo ikanuka taulo tu. "Haya, uzee ndio huu," akasema peke yake, maana siku hizo mengi aliyasema peke yake, na nyumba ilikuwa haimjibu.

Kompyuta hiyo lazima niieleze, kwa sababu ndiyo mlango balaa ilipopitia. Mumewe, Pentti, alikuwa dereva wa greda la kuzoa theluji la manispaa, na duniani alipenda vitu viwili, mkewe na Linux, ule mfumo wa kuendeshea kompyuta. Ukimwambia mtu kanunua programu dukani alikuwa anakuja juu: "Kitu kimezaliwa hapa hapa Ufini, bure, halafu mtu anakwenda kulipia cha watu! Kichwani mna nini humo?" Mashine yake aliitilia Linux mbili, moja ya kazi na moja ya kuchezea, kwa hiyo kila ukiiwasha, kabla haijaamka, inakuletea menyu. Mistari michache ya kuchagua, na chini yake namba inayohesabu kurudi nyuma kuanzia kumi. Ikifika sifuri hujachagua, inajichagulia yenyewe na kuendelea na safari.

Wengi menyu hiyo huiacha nyeusi tupu. Pentti aliiwekea picha kwa nyuma, na kila msimu alikuwa na picha yake: theluji ya kwanza, barafu inapasuka ziwani, majani yanageuka mekundu. Alimwita mkewe kutoka jikoni aje aone, wote wawili wanasimama wanatazama sekunde kumi zile, halafu picha inapotea na kila mtu anarudi kwenye shughuli zake. Ndivyo walivyoishi. Mtu wa mjini atacheka, lakini mimi nimeona ndoa nyingi zinazoshikiliwa na mambo madogo kuliko hayo.

Pentti alianguka Julai, koleo mkononi, akichimba shimo la nguzo. Moyo. Picha aliyoiacha kwenye menyu ilikuwa ya gati lao dogo ziwani, jua kali, vikombe viwili vya kahawa juu ya ubao. Agosti ikapita, Septemba ikapita, nje pakawa giza saa tisa ya mchana, na bado kila Eila akiwasha mashine ilikuwa Julai na vikombe viwili. Ikawa inamchoma.

Lakini siku iliyomuumiza kuliko zote ilikuwa Jumamosi. Jumamosi ni siku ya sauna. Kuna mahali katikati ya mgongo, chini kidogo ya mabega, ambapo mkono wa mwenye mgongo haufiki, ujipinde vipi. Kwa miaka yote ya ndoa yao Pentti ndiye aliyepasugua pale. Alikuwa anachukua sabuni, anasema, "Haya, geuka," na Eila anageuka. Maneno yenyewe ni hayo tu. Tangu Julai hakuna aliyepagusa. Eila alinunua brashi ya mpini mrefu akajisugua nayo mara moja, akaitupa kwenye ndoo ya takataka, akakaa juu ya ubao analia kwa sauti. Uchafu haukuwa shida. Kilichomliza ni kuona kuwa dunia nzima hii hamna tena mkono unaopajua mahali pale.

Basi wiki ile alimpigia simu binti yake, Marjut, aliyekuwa akiishi Tampere.

"Mwanangu, ile picha ya baba yako kwenye menyu inabadilishwaje?"

"Mama! Wewe na Linux tena? Baba huko aliko anaruka kwa furaha."

"Usinicheke. Nieleze polepole, kama unamweleza ng'ombe."

Marjut akaeleza. Piga picha, ihamishie kwenye kompyuta, itie kwenye folda ya menyu, fungua faili la mipangilio, andika mahali picha ilipo, hifadhi, halafu tia amri ya kuisasisha menyu. "Hiyo amri usiisahau, Mama. Ukiisahau utaandika weee, hakuna kitakachobadilika."

"Picha ya nini sasa? Nje giza tupu."

"Ya sauna. Ile taa yenu ya mafuta kwenye mvuke inapendeza kweli."

Na hapo ndipo Eila alipokosea, kosa ambalo mtoto wa mkoa wa Kainuu hatakiwi kulikosea. Kule kwao kila sauna ina mwenyewe. Ni jini mzee, mkimya, alikuwapo kabla ya mawe ya kwanza kupashwa, na hana ubaya na mtu anayemheshimu. Watu wanaoga kwanza, wakimaliza mmoja wao anamwaga kata moja ya maji juu ya mawe, kata ya mwisho, anasema asante kwa mvuke, anatoka na kufunga mlango. Mvuke huo ni wa mwenyewe, anaoga peke yake. Haingii mtu, hachungulii mtu, wala hakuna kuchekacheka pale nje. Eila alilijua hilo tangu hajaota meno. Jumamosi ile alioga, akamwaga kata ya mwisho, akatoka, akafunga. Akiwa ukumbini, kile chumba cha mbele cha kuvalia, anavaa soksi ndipo akaikumbuka picha. Mvuke ulikuwa bado mzito, taa bado inawaka. "Sekunde moja tu," akajisemea, akaufungua mlango, akanyoosha simu, akapiga.

Usiku huo huo akaiweka. Mara ya kwanza akasahau amri, vikombe vya Julai vikatokea vilevile, akajitukana. Mara ya pili akaitia, na asubuhi ya Jumapili ndiyo ile aliyobonyeza kitufe na kusikia harufu.

Picha ilikuwa imetoka vizuri. Ubao wa juu, jiko la mawe, ndoo, taa ya rangi ya asali katikati ya mvuke. Kitu kimoja tu: juu ya ubao palikuwa na alama ya maji, pana, ya duara, kama ya mtu aliyekaa akainuka sasa hivi. Eila hakuikumbuka. Namba ikafika sifuri, picha ikapotea, naye akaenda kuosha vyombo.

Jumatatu alama haikuwapo. Mahali pake palikuwa na mgongo.

Ulikuwa mgongo wa mwanamume aliyekaa juu ya ubao, ameinama, viwiko magotini, mvuke umemfunika kichwa. Eila alisimama mbele ya skrini sekunde zote kumi bila kupumua. Bega la kushoto lilikuwa chini kidogo kuliko la kulia. Pentti alikuwa hivyo hivyo, kwa ajili ya kuvuta gia za greda maisha yake yote.

Mtu mwingine angekimbia. Eila aliizima mashine akaiwasha tena. Kumi, tisa, nane. Mgongo upo. Akazima, akawasha. Siku nzima ile alifanya kazi hiyo, amevuta kiti, kikombe cha kahawa kimepoa mkononi, anakula sekunde zake kumi, picha inapotea, anazima, anawasha. Hakupika. Simu ililia mara mbili hakuipokea. Alikuwa na furaha, jamani, na mimi hiyo furaha yake ndiyo inayonitisha kuliko mambo yote yaliyofuata.

Jioni akampigia Marjut.

"Marjut, picha ya kwenye menyu inaweza ikajongea?"

"Kujongea vipi?"

"Kubadilika. Leo hivi, kesho vile."

"Mama, haiwezekani. Pale mashine bado imelala. Hamna intaneti, hamna programu, hamna chochote kinachoweza kuichezesha. Ni picha tu imebandikwa, kama kalenda ukutani. Mama, unakula lakini?"

"Nakula."

"Unalala?"

"Nalala, mwanangu. Wee lala pia."

Jumanne mgongo ulikuwa umesogea mbele, unakaribia kioo. Na joto likaanza. Chumba cha kompyuta kilikuwa na joto ambalo halikutoka kwenye bomba lolote, madirisha yanatoa jasho, karatasi ya ukutani nyuma ya skrini imegeuka rangi ya kahawia kama mkate uliosahaulika kwenye oveni. Eila aliiona. Akachukua picha ya harusi iliyotundikwa pale asije akaungua Pentti, akaitundika upande wa pili, akarudi kukaa.

Jumatano, saa tisa ya mchana, nje kumeshakuwa kiza, aliiwasha tena, namba ikaanza kushuka kama kawaida yake, kumi, tisa, nane, saba, na ilipofika tatu ikasimama, ikagoma, na feni nayo ikanyamaza, na nyumba yote ikawa kimya hata saa ya jikoni haikusikika, na katika kimya hicho ndani kabisa ya kioo kukasikika maji yakimwagwa juu ya mawe, shhhhh, na mvuke ukapanda kutoka chini ya skrini ukakifunika kioo kwa ndani mpaka matone yakaanza kuteremka moja moja, na nyuma ya matone yale mgongo ukaanza kunyooka, ukaanza kugeuka taratibu, bega kwanza, kisha mkono ulioshika kata, na sauti ambayo Eila alikuwa hajaisikia tangu Julai, sauti ya Pentti yenyewe pamoja na kile kikohozi chake kidogo cha mbele, ikasema karibu sana na sikio lake, "Haya, geuka."

Mwili ulimsisimka kuanzia unyayo mpaka utosi. Mdomo ukafunguka ajibu. Na angejibu, naapa angejibu, kama mlango wa mbele usingebamizwa wakati ule ule.

"Eila! We Eila! Umekufa au umeolewa?"

Alikuwa Hilkka, jirani wa ng'ambo ya kijito. Kazi yake Hilkka ilikuwa kuumika watu: anawalaza saunani, anawapiga pembe mgongoni, anatoa damu iliyokaa vibaya. Mdomo wake ulikuwa mkali kuliko wembe wake. Alizoea kunywa kahawa na Eila kila Jumanne, na jana hakuna aliyemfungulia mlango.

Eila alipoitazama tena skrini, namba ilishafika sifuri na mashine imeamka kama hakuna kitu.

Hilkka aliingia na viatu vyake vya theluji, akasimama katikati ya chumba, pua juu. "Umepasha sauna? Jumatano?"

"Sijapasha."

"Mbona hapa pananuka harufu ya mwenyewe?" Akauona ukuta uliobabuka. Akaiona kompyuta. Sauti ikashuka ghafla. "Shoga, umefanya nini?"

Eila akamwambia yote, kwa kunong'ona, jicho kwenye skrini. Hilkka alisikiliza bila kukatiza, na kwa Hilkka hilo peke yake ni la kuogopesha.

"Picha uliipiga kabla ya kata ya mwisho au baada?"

Eila akakichukua kikombe chake cha kahawa, akakirudisha.

"Eila."

"Baada."

"Mungu wangu! Mtoto wa watu wa Kainuu wewe, uliyezaliwa ndani ya sauna, mama yako alikuzalia kwenye ubao! Umefungua mlango mwenyewe anaoga, ukamchukua ukamleta kwenye kisanduku! Hivi wewe ungependa?"

"Sekunde moja tu, Hilkka."

"Hakuna sekunde moja kwa hawa. Umemtoa kwenye joto lake. Anasikia baridi, anatafuta pa kuotea moto, mwishowe atajiwashia moto wake mwenyewe. Nyumba hii itaondoka, ukuta si huo unauona?"

Eila alikuwa anavurugavuruga pindo la aproni yake. Akauliza kwa sauti ya mtoto, "Na kama ni Pentti?"

Hilkka akakaa chini. Akamshika mkono, na mkono wake haukuwa na ukali wowote. "Pentti tulimshusha pamoja, kule nyuma ya kanisa. Mimi nilitupa udongo, wewe ukatupa udongo. Huyu hana sura ya kwake. Anavaa nguo anayoikuta imetundikwa karibu, na moyoni mwako kulikuwa kumetundikwa moja tu."

"Bega lake liko vile vile."

"Lazima liwe vile vile. Unamkumbuka Eskola wa kule ng'ambo, yule mwenye mashua ya kijani? Alifiwa na mkewe, akaanza kubaki ndani kwenye kata ya mwisho. Alisema anasuguliwa mgongo. Alikuwa anatuambia sisi, tena anacheka. Asubuhi moja tukamkuta amekaa juu ya ubao, mikono magotini, kama mtu anayepumzika. Mgongo ulikuwa hauna ngozi, Eila. Umechunwa vizuri, kama samaki. Mimi ndiye niliyemwosha."

Nje upepo ulipita kwenye misonobari.

"Tuifute picha basi," akasema Eila mwishowe, kwa shida.

"Ukiifuta sasa utamfungia humu ndani. Kwanza arudi kwake. Vaa koti."

Walipasha sauna jioni ile, wanawake wawili wazee wanabeba kuni kwenye theluji. Kompyuta wakaifunga blanketi, wakailaza kwenye kibao cha kuburutia kuni, wakaiteremsha mpaka ziwani, Hilkka anavuta na kulaani, Eila nyuma ameishikilia kwa mikono miwili kama anabeba mtoto mgonjwa. Wakaiweka ukumbini juu ya benchi, skrini ikitazama ndani, wakavuta waya wa umeme. Mawe yalipoiva Hilkka akamfundisha, mdomo kwenye sikio lake.

"Mimi namwaga kata. Wewe unawasha. Namba ikisimama, tunasema asante kwa mvuke, tunatoka. Tunatoka bila kuangalia nyuma. Atakuita. Atakuita kwa ile sauti. Usijibu, usigeuke. Ukigeuka umemchagua."

Eila akabonyeza kitufe. Hilkka akamwaga kata, mvuke ukalia. Kumi, tisa, nane, ikashuka mpaka tatu, ikasimama. Ukumbi ukajaa harufu ya sabuni ya lami. Eila alijua bila kutazama kwamba kioo kimelowa kwa ndani, kwamba mtu ameinuka.

"Asante kwa mvuke," akasema Hilkka. "Mwenyewe, nyumba yako hii."

"Asante kwa mvuke," akasema Eila.

Wakageukia mlango wa nje. Zilikuwa hatua chache tu, lakini nyuma yao kitu kilicholowa kilikanyaga sakafu, pwata, kikasimama, pwata, kikasimama, na joto likawapiga migongoni kupitia makoti, na Eila akahisi pale katikati, chini kidogo ya mabega, mahali ambapo hapajaguswa tangu Julai, pumzi ya mtu, na kikohozi kidogo, na ile sauti, mpole, iliyochoka na kazi ya siku nzima, sauti ya mtu wake, "Haya, geuka," na tena, "Geuka basi, Eila," na shingo yake ikaanza kuvutwa yenyewe kama kwa kamba, machozi yanamtoka, mpaka Hilkka akaushika mkono wake na kuufinya kwa kucha hadi damu ikatoka, wakaanguka nje kwenye theluji pamoja, na Hilkka akausukuma mlango kwa mguu.

Ndani mlango wa pili, ule wa chumba cha mvuke, ulifungwa taratibu. Hakuna aliyeufunga.

Asubuhi waliirudisha mashine nyumbani. Walipoiwasha, picha ilikuwa na ubao mkavu, taa, na mvuke mtupu. Hakukuwa na harufu. Hilkka akasimama juu yake kama askari mpaka Eila akalifuta jina la picha kwenye faili, akaifuta na picha yenyewe, kwenye kompyuta na kwenye simu. Amri hakuisahau safari hii. Menyu ikawa nyeusi, mistari myeupe, namba inahesabu chini kama ya watu wote.

"Unaona? Sasa kila mtu yuko kwake," Hilkka akasema, akakata kipande kikubwa cha mkate wa iliki. "Jumamosi oga mapema. Mwaga kata yake, sema asante, toka. Usizubae mle ndani. Umenisikia?"

"Nimesikia."

"Nije tuoge wote?"

Eila alitikisa kichwa. Kusuguliwa mgongo na Hilkka? Hapana, aliona haya. Na laiti angekubali, mimi hadithi hii nisingekuwa nayo.

Ijumaa aliiwasha kompyuta mara moja tu. Alitazama giza la menyu likihesabu, kumi mpaka sifuri, na hakuna aliyekuja kusimama kando yake. Alikuwa amempoteza mumewe Julai, na juzi amempoteza tena, mara hii kwa miguu yake mwenyewe, akitembea, bila kugeuka.

Jumamosi mchana Marjut akapiga simu. "Mama, usikasirike. Krismasi sijui kama tutafika. Kazi imebana, halafu barabara na theluji hii. Pengine Februari."

"Sina hasira, mwanangu. Februari ni karibu."

"Umeweka picha gani sasa kwenye menyu?"

"Sijaweka. Iko nyeusi."

"Weka basi, Mama. Weka hata ya gati."

"Nitaangalia," akasema Eila, akaagana naye, akachukua taulo.

Alioga taratibu. Aliosha nywele, akaosha mikono, akajipiga miguu kwa vitawi vya mti wa koivu, kama desturi yao, mpaka ikawa myekundu. Kisha akachota kata ya mwisho akaimwaga juu ya mawe. Mvuke ukapanda, taa ikafifia ndani yake. Akasema asante. Akashika kitasa cha mlango, na kilikuwa cha moto, na akasimama pale amekishika.

Alijua vizuri kwamba si Pentti. Hilo nataka mlielewe, maana wengi wakisimuliwa habari hii husema masikini, alidanganywa. Hakudanganywa. Udongo aliutupa kwa mkono wake. Eskola alimjua, alikuwa akinunua samaki kwake. Alijua kuliko hata Hilkka.

Akakiachia kitasa. Akarudi, akakaa kwenye ubao wa chini, uso ameuelekeza mlangoni, mgongo ameuachia ubao wa juu. Akasubiri. Ubao wa juu ukalia kwa uzito wa mtu anayekaa, harufu ya lami ikajaa, na kikohozi kidogo kikasikika nyuma ya shingo yake.

"Haya, geuka."

"Nimeshageuka," akasema Eila, akainyoosha sabuni juu ya bega lake bila kutazama. Sabuni ikapokelewa. Alihisi kucha kwanza, kisha kiganja, na kiganja kilikuwa na joto, na kilikwenda moja kwa moja mpaka mahali pale.